Mmoja Wao

Murielle, msusi, alikuwa amesuka hadi katikati ya kichwa cha mwanasheria, nyumbani kwa huyo mama mtaa wa Observatory, mabishano yalipopamba moto. Mwanasheria alisema nyumba za hifadhi waachiwe wanawake waliozaliwa wanawake, kwani wameshapigwa na wanaume vya kutosha. Rafiki yake, mhadhiri wa chuo kikuu, akajibu kwamba hata waliozaliwa wakaitwa wavulana ni wanawake, na wanapigwa vilevile.

"Tumuulize mtu wa kawaida," alisema mwanasheria. "Murielle, wewe unakaa Joubert Park. Ungekubali kulala chumba kimoja na hao?"

"Usimsumbue bure," mhadhiri akacheka. "Hayo hajayasomea."

Murielle alishika mafungu matatu ya nywele bila kuyasuka. Mwenye nyumba wake Joubert Park alikuwa amemfukuza baada ya majirani kunong'ona. Nyumba ya hifadhi nayo ilimwambia haijui imweke wapi. Sasa alikuwa akilala sakafuni saluni. Tangu atoke Lubumbashi, hakuwahi kumwambia mteja yeyote.

"Madame," alisema, "miye niko mumoja wao."

Mhadhiri akainuka, macho yakimng'aa. "Dada yangu! Lazima uje kuzungumza kwenye kongamano letu!" Hakumuuliza analala wapi.

Mwanasheria akasogeza shingo mbele kidogo, vidole vya Murielle visiguse ngozi yake.

"Malizia tu," alisema.

Murielle akasuka kwa ncha za vidole.