Simu Kutoka Norwe

Simu ya saluni ilipolia, Verna aliibana kwa bega, maana mikono ilikuwa imejaa rangi ya nywele.

"Ni mimi," ilisema sauti ya mwanamume.

Ilikuwa miaka kumi na tisa tangu mumewe aondoke Kentucky bila kuaga, lakini sauti ile aliijua papo hapo.

Yuko Norwe, alisema, kwenye mitambo ya mafuta baharini. Wimbo wa binti yao, uliovuma redioni nchi hadi nchi, ulikuwa umefika hata kule. Mpishi wao wa Kipolandi, asiyejua Kiingereza, aliuimba akikaanga mayai.

"Binti yetu anaimba kwamba mpaka leo hafungi mlango wa nyuma. Kumbe mtoto ananingoja?"

"Mtoto hata sura yako haikumbuki."

"Sasa mbona anaimba vile?"

"Kapewa wimbo, kauimba. Ndiyo kazi yake."

Mteja aligeuka kitini. "We Verna, hiyo dawa itanibabua kichwa! Mwambie apige kesho."

Verna aliikaza simu begani. Rangi nyeusi ilimchuruzika kidoleni, ikapita juu ya pete ambayo hakuwahi kuivua, ikaingia kwenye mkono wa gauni.

Kwenye santuri jina la mtunzi lilikuwa la kubuni. Aliyejua ukweli ni binti yake peke yake.

"Basi nani aliyaandika maneno yale?"



"Mimi."

Upande wa pili mitambo ilinguruma. Hakuna aliyekata simu.