Salamu ya Kwanza

Ni nani aliyemsalimu mwenzake kwanza kwenye foleni ya maktaba ya chuo, mimi au Lusajo? Sijui. Sheria inasema wachumba wasiosimulia mwanzo wao kwa namna moja hawafungishwi ndoa, na mashine ya msajili ilikuwa imetukataa mara mbili.

"Nilianza mimi," Lusajo alisema. "Wewe ulikuwa umenuna."

"Mwongo! Ulikuwa unasinzia wima."

Msajili hakucheka. Alitusogezea simulizi iliyotungwa na mashine.

"Ikaririni, wanangu. Hata mimi na mume wangu tulikariri yetu. Ile ya kweli siikumbuki tena."

Nilimrudishia karatasi.

"Mama, hatutaikariri. Tutaishi pamoja bila cheti, tukiendelea kubishana."