Sauti ya Juu

Jukwaani, mwalimu wa uimbaji aliinua mkono, ishara kwamba Sharvari, mwanafunzi wake aliyekaa nyuma yake akipiga tambura, ala ya nyuzi, sasa anaruhusiwa kuimba pamoja naye.

Wakapanda hadi sauti ya juu kabisa. Hapo sauti ya mwalimu, iliyosifiwa katika jiji zima la Pune, ikapasuka.

Wazee wa safu ya mbele wakakunja nyuso. "Ni yupi kati yao aliyepasua sauti?" mmoja akanong'ona.

Sharvari alijua kwamba akiishikilia sauti yake safi, yeye atapata jina na mwalimu atapata aibu. Uzi wa tambura ulimkata kidole.

Akaiacha sauti yake nayo ipasuke.

"Kumbe ni huyu mtoto," mzee akacheka. "Binti, rudi nyumbani ukanywe maziwa."

Mwalimu akageuka, akamtazama mwanafunzi wake, akaelewa alichofanya.

"Irudie sauti ile ya juu," akasema, ukumbi mzima ukisikia. "Peke yako."