Joho la Sandukuni

Nyuma ya ukumbi wa chuo, Bi Mwanaidi wa ofisi ya wahitimu alimnyooshea Profesa Kibwana joho alilovaa. Punde angeitwa jukwaani kupewa tuzo.

"Umelitunza, Profesa! Wenzako leo tumewaazima majoho."

"Lilikuwa sandukuni," akasema, akicheka kidogo.

"Darasa lenu tumewapata wote, isipokuwa Semboja. Cheti chake bado kimo kabatini kwetu. Siku ya mahafali alisaini kuazima majoho mawili ya chuo, lake na la rafiki yake, likarudi moja, cheti kikazuiwa hadi la pili lirudi. Alikuja mara nne kuomba cheti, kisha akaacha kuja."

Siku ile Kibwana alichelewa, Semboja akamsainia. Kesho yake Kibwana alipanda basi na joho hilo, akijiambia atalirudisha.

"Hakumtaja huyo rafiki?"

"Wapi! Kila akija alisema, 'Yuko njiani, atalileta.'"

Mshereheshaji akaita jina la Kibwana. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bi Mwanaidi akapandisha kola ya joho ili ikae sawa, akakuta kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, chenye namba ya majoho ya kuazima ya chuo. Vidole vyake vikasimama hapo.