Glasi ya Kwanza

Sheria inasema anayepima maji ndiye anayeanza kuyanywa mbele ya watu, kama mwenyeji anavyoonja togwa kabla ya kumpa mgeni. Hapa kwetu mpimaji ni Mbuke, binti yangu wa pekee.

Miaka sita sasa, tangu aanze kupima, hatujazika mtoto kwa zebaki ya machimboni. Ndiyo maana kila Jumamosi watu huja kisimani na ndoo zao, na hawaji mikono mitupu. Wanamletea Mbuke mayai, viazi, juzi hata kitenge.

Leo alijaza chupa, akadondoshea dawa, akasubiri. Maji yenye sumu hugeuka mekundu. Haya yalibaki meupe, ila Mbuke aliinua chupa juani akaitazama kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Vipi, mwanangu?" jirani yetu Bi Nyamizi akauliza.

"Ni safi, mama. Nahakikisha tu."

Akachota glasi. Mkono wake mwingine ulikuwa tumboni. Ana mimba ya miezi miwili, na aliyeambiwa ni mimi peke yangu.

Akanywa yote. Vigelegele vikapigwa, ndoo zikaanza kugombana, na Bi Nyamizi akanikumbatia akisema nimewazalia watu mkombozi. Ni kweli, na namshukuru Mungu kila siku.

Kikombe changu nilikuwa nimeshakijaza maji ya kisima mapema, maana niliamka na kiu kali. Nilipokiinua ninywe, nikakuta bado kimejaa. Kumbe hata mimi, mama yake, nilikuwa namsubiri anywe kwanza.