Mzee Toktosun Afungwa Macho

Mkewe alimfunga macho kwa mtandio, akakaza fundo, kisha akaivuta kofia yake nyeupe ya sufu hadi puani. Mzee Toktosun akabaki amesimama katikati ya ua kama kondoo anayengoja kunyolewa.

"Unaona kitu?" Sairagul akamuuliza.

"Naona nimeoa mwanamke katili," akajibu, na watu wakacheka.

Binti yao Begimai hakucheka. Kwenye benchi kando ya ukuta alikaa mama yake Ilgiz, kijana aliyekuwa akimposa, na hereni za dhahabu alizifunga ndani ya leso. Akizivisha masikioni mwa Begimai, uchumba umekubaliwa. Asipozivisha, atarudi nazo kwao Talas, na mambo yameishia hapo.

Chanzo cha yote kilikuwa mdomo wa mzee. Kwenye sherehe ya jirani, akiwa ameshiba nyama ya farasi na maziwa yake yaliyochacha, alisimama akatangaza mbele ya mtaa mzima kwamba binti yake hatatoka nyumbani ndani ya Toyota. Yeye alikuwa na Lexus, na hapa Bishkek mtu hujulikana kwa gari kabla ya kujulikana kwa jina. Hakujua kwamba Begimai tayari ana mchumba, na kwamba mchumba anaendesha Toyota Prado. Tena ya mtumba kutoka Japani, usukani kulia, wakati sisi huku hupita upande wa kulia wa barabara na usukani wa heshima huwa kushoto.

"Dereva umekaa mtaroni," mzee alikuwa akimtania Ilgiz kila akimwona. "Siku ukitaka kulipita lori, itabidi umtume mkeo achungulie."

Ilgiz alivumilia. Alikuwa kijana mpole, muuza vifaa vya umeme, na hakuwahi kufika pale akaondoka kabla hajapasua kuni. Mzee hakuwa na kosa la kumtajia ila gari.

Wapo waliomshauri kijana aazime Lexus siku ya harusi. Mzee akakataa, akisema binti yake haolewi na suruali ya mtu mwingine. Mafundi wa gereji wakaja kumweleza kwamba magari hayo mawili yametoka tumbo moja, chesisi ile ile, na kwamba tofauti ni ngozi ya viti, ukimya wa ndani na nembo. Mzee akawaambia hata yeye na kaka yake wametoka tumbo moja, na kaka yake ni mjinga.

Kiapo kilikuwa kimeshatoka mbele ya watu, na mtu mwenye mvi hawezi kukimeza. Begimai akaacha kuongea na baba yake. Alimwekea chai mezani akaondoka bila kukaa, na mzee, aliyezoea kunywa chai yake huku akichokozwa na binti, aliiona chungu hata alipoongeza sukari.

Ndipo yeye mwenyewe akaleta shauri. Afungwe macho, apakiwe kwenye magari yote mawili. Akiitambua Lexus yake, Ilgiz atafute mke kwingine. Akishindwa, basi magari hayo ni kitu kimoja, na kiapo chake hakina tena pa kusimama.

Begimai alilia aliposikia. Baba yake humtambua farasi wa jirani kwa mlio wa kwato tu, akiwa amelala chumbani. Atashindwaje na gari lake mwenyewe?

Watu wa Ilgiz walijitahidi kumzibia kila njia. Walitandika mazulia ya sufu ya aina moja kwenye viti vya nyuma, asije akagusa ngozi. Walifungua madirisha, harufu itoke. Walipanga akae nyuma, katikati, mbali na milango. Dereva akawa Kubat, kaka yake Sairagul, mtu asiyependelea upande wowote ila ule wenye chakula. Alionywa asifungue kinywa, na kweli hakusema neno. Alitafuna tu mbegu zake za alizeti na kutema maganda dirishani, kama siku zote.

Prado ilitangulia. Ikamzungusha mzee mtaani, ikavuka reli, ikarudi. Akashuka. Akapandishwa Lexus, njia ile ile, reli ile ile.

Aliposhuka aliiweka sawa kofia yake. Begimai akaushika mkono wa mama yake.

"Hili la pili ni Toyota," mzee akasema. "Pale kwenye reli limenitikisa matumbo. La kwanza ndilo langu. Lilikuwa linaelea."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Sairagul alipomvua kofia na mtandio, mzee akaiona Lexus yake mbele ya pua, akaizunguka kama mtu aliyeibiwa. Akailaumu barabara, akailaumu reli, akawalaumu Wajapani kwa kutengeneza gari moja na kuliuza mara mbili.

Mama yake Ilgiz hakungoja abadili mawazo. Hereni zikaingia masikioni. Begimai akamletea baba yake chai, na safari hii akakaa.

"Baba, umezeeka," akamwambia.

"Nimezeeka, mwanangu," akakubali, akanywa kwa furaha isiyofichika.

Kubat ndiye aliyecheka kuliko wote. Akaja na sahani yake, akajibana karibu na mzee. "Shemeji, miaka yote hiyo ndani ya Lexus, na hukuijua?"

Mzee akamwongezea kipande cha nyama kilichonona, akamwinamia sikioni.

"Siku nyingine ukiambiwa unyamaze, shemeji, acha na mbegu," akanong'ona. "Safari ya kwanza ulizitafunia upande wangu wa kulia, ya pili upande wa kushoto. Nilikuwa na hofu mtu mwingine atagundua."