Picha Pekee ya Bi Mwanaidi

Fundi Tunu aliinamia kompyuta ya Mzee Kihiyo pale sebuleni, akaona imejaa virusi zaidi ya mia mbili.

"Babu, umevitoa wapi vyote hivi?"

"Kila kidirisha kilichojitokeza kiliniuliza kama nakubali, nami nikabonyeza ndiyo. Mtu akipiga hodi kwangu simwambii rudi."

"Hao hawakuwa wageni, babu. Ni wezi."

"Basi wezi wenye adabu. Walisalimia kwanza."

Tunu alicheka, kisha akatazama tena skrini. Programu ya kusafisha ilikuwa imekuta virusi ndani ya picha moja na ilitaka kuifuta. Ilikuwa picha pekee iliyobaki ya marehemu mke wa mzee, Bi Mwanaidi.

"Naweza kujaribu kuisafisha badala ya kuifuta," alisema. "Lakini huenda isifunguke, au ifunguke nusu."

"Hata nusu, mjukuu wangu. Nitamjua."

Tunu akabonyeza. Picha ikaanza kufunguka polepole kutoka juu: ukuta mweupe, ukingo wa kanga, paji la uso. Mzee akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akakaa sawasawa, kama mtu anayekaribia kutazamwa.